Kibali cha Watu Wawili

Gottfried Ortner, fundi mapipa wa Urfahr, alikuwa na mke upande wa pili wa daraja. Notburga, ambaye yeye alimwita Burgi, alilazwa hospitali ya Linz, ng'ambo ya mto Danubi, kabla washindi wa vita hawajagawana mji. Walipougawana, Warusi wakachukua ukingo wa kaskazini, ule wa Urfahr, na Wamarekani wa kusini, na mzee akaambiwa kwamba kwenda kumchukua mkewe kunahitaji kibali.

Kibali chenyewe sasa! Wamarekani walitaka mihuri ya pande zote mbili kwenye karatasi moja. Warusi wakasema karatasi yao haipigwi muhuri wa mgeni. Wamarekani wakajibu kwamba karatasi mbili ni vibali viwili, na mtu mmoja hapewi vibali viwili. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hawa hata kupigana hawakupigana. Walikuwa marafiki, wakialikana kunywa kila Jumamosi, na nyasi ziliumia vilevile. Wiki tisa Gottfried alipanga foleni, na akirudi nyumbani hana wa kusema naye. Siku nyingine ilikwisha hajatamka neno, jirani akimsalimu sauti inagoma kutoka. Upweke ulimtafuna mzee yule.

Mwishowe maofisa wakapatana: karatasi mbili, zishikizwe kwa pini. Kwenda, mtu mmoja. Kurudi, watu wawili. Siku moja tu, Jumanne.

Jumatatu asubuhi Rosina, mama muuza maziwa aliyevuka daraja kila siku kwa kibali cha kudumu, aligonga mlango wake.

"Bwana Ortner, kaa kwanza."

"Wewe sema tu, mama."

"Masista wa hospitali wamenituma. Notburga amefariki jana jioni. Wanazika kesho saa nane."

Mzee hakulia. Alifungua kabati, akatoa tai nyeusi na kuanza kuifunga, kwani kwao mfiwa hatoki nje bila nyeusi. Rosina akaivuta shingoni mwake.

"Umepata wazimu? Kibali chako ni cha kumchukua mgonjwa! Wakijua amekufa, nacho kimekufa. Utaanza foleni upya, na mwenzio keshazikwa."

"Nivae tai ya kijani kwenye maziko ya mke wangu?"

"Vaa hata ya njano. Na wakikuuliza, anaendelea vizuri. Umenisikia? Vizuri!"

"Sijawahi kumsemea Burgi uongo."

"Basi utaanza kesho."

Kesho yake alifika darajani na tai ya kijani. Mkalimani wa Warusi, binti mchangamfu mwenye jino la dhahabu, alisoma karatasi zote mbili.

"Haya, leo ni leo, babu! Bibi anaendeleaje?"

Mzee akajibu: "Vizuri."

"Umeona! Mlete salama basi. Na umpikie supu, wagonjwa wanapenda supu."

"Nitampikia."

Katika yote aliyotendewa na vita, hakuna lililomuuma kama neno hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema akitabasamu. Upande wa pili Wamarekani wakamnyunyizia unga wa kuua chawa kwenye kola na ndani ya mikono ya koti, akaenda makaburini shingo nyeupe. Walikuwapo padri, masista wawili na yeye. Alitupa konzi yake ya udongo, akamwomba mkewe radhi kwa ile supu.

Jioni alirudi darajani. Yule binti alikuwa amemaliza zamu. Askari wa Kirusi wa makamo, Kijerumani chake cha kuungaunga, alisoma karatasi, akachungulia nyuma ya mzee, akasoma tena.

"Hapa wawili. Wa pili wapi?"

Sasa hakukuwa na kibali cha kupoteza. Na tangu jana, mzee alikuwa hajalitamka neno lile kwa mtu yeyote.

"Amekufa," alisema Gottfried. "Mke wangu amekufa."

 Askari akachomoa kalamu mfukoni, akaikata ile namba mbili kwenye karatasi, akaandika moja, akampisha.