Manka, code zako zimebaki kwangu

Jamani, mpaka sasa mlango wa ofisi ukifunguliwa nageuka nikidhani ni Manka.

Ijumaa aliondoka mapema, kichwa kinamuuma. Jumapili kaka yake akanipigia kutoka hospitali. Alikuwa analia tu. Nikajua.

Kwa msiomjua: Manka alikuwa front-end developer mwenzangu, tunatengeneza sehemu ya tovuti anayoiona mteja, meza yake na yangu zinagusana. Mchaga wa Marangu. Mbishi huyo!

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa tovuti ya Mama Zuhura, anayeuza vitenge vya jumla Kariakoo. Mimi nilitaka tuijenge kwa framework kamili, inayokuja na kila kitu kimeshapangwa. Yeye alitaka library ndogo, ichore tu kinachoonekana kwenye skrini, mengine aunge mwenyewe.

Akanivuta mpaka Mtaa wa Kongo, hukohuko Kariakoo. Akaazima simu ya mteja, kioo kimepasuka, mtandao unasuasua, akafungua humo majaribio yetu yote mawili. Ya kwangu ikabaki nyeupe. Ya kwake, vitenge hivyooo!

"Umeona? Mteja wetu ni huyu, siyo boss na laptop yake."

"Sawa. Na usipokuwepo, nani atajua ulivyounga?"

Nilikuwa nawaza likizo, jamani. Likizo tu!

"Si upo wewe," akanijibu, akarudisha simu ya watu.

Juzi boss kanikabidhi kazi ya Manka. Mama Zuhura alitaka bei mpya zionekane kabla wateja wake wa Songea hawajaanza kuagiza. Nikafungua code zake, yale maagizo aliyoiandikia tovuti. Nyingi nilizielewa. Sehemu ya kuweka oda, hapana. Nikagusa kidogo tu, oda zote zikatoweka kwenye skrini.

Jasho lilinitoka na AC inawaka. Nikasoma mstari kwa mstari, naogopa kuharibu kazi ya mteja, naogopa zaidi kuharibu kitu cha mwisho alichotengeneza.

Mchana zikarudi. Mama Zuhura akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imekubali! Ila mwambie Manka apokee simu, namtafuta tangu asubuhi nimshukuru."

Hakuwa na habari. Ikabidi niseme mimi.

Nikasikia anamwambia muuzaji wake, taratibu: "Funga duka."

Manka, kesho tunakusindikiza Marangu. Jumatatu nitaifungua tena kazi yako, na bado naogopa, sikufichi.

Lala pema, rafiki yangu. Usiwaze ya huku.