Lugha Niliyoambiwa Niikate

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Simu wa Moroni alinikalisha mbele ya swichibodi, ule ubao wa matundu tuliochomekea waya ili kuwaunganisha wanaopigiana. Akaniuliza najua lugha gani.

"Kimalagasi, Kifaransa, na Kingazidja cha kubahatisha," nikajibu.

Nilizaliwa Majunga, Bukini, kisiwa cha Wamalagasi. Tulikimbia mauaji ya huko, tukaletwa Komoro, visiwa vya babu zetu ambavyo sikuwahi kuviona, tukashukia Ngazidja. Wenzangu ofisini wakaniita Mmalagasi.

Mwaka uliofuata walikuja mamluki wa kizungu, wakapindua serikali. Mmoja wao aliwekwa ofisini kwetu kusikiliza simu za nje. Akatoa amri: lugha asiyoielewa ikatwe.

Asubuhi moja akaja bibi wa mtaa wa Magoudjou, mkimbizi kama mimi. Dada yake alikuwa mahututi Majunga, na hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kukimbia. Kifaransa hakukijua. Nikachomeka waya. Alipotamka neno la kwanza tu la Kimalagasi, yule mamluki akafoka, "Kata!"

Nilikwisha kuushika waya niuchomoe. Kisha nikamsikia dada mtu akiuliza, kwa sauti nyembamba, "Mlifika salama?"

Sikukata. Nilisimama nikauziba ubao kwa mwili wangu, wakazungumza mpaka bibi akashindwa kusema kwa kilio.

Mchana Mkuu akaniita. "Binti yangu, nimekuombea usifungwe. Lakini hapa huwezi kubaki. Kesho panda meli uende kisiwa kingine, ofisi ya Mutsamudu."

Kule ubao ulikuwa mdogo, laini chache, na Kindzuani, lugha ya kisiwa hicho, kikanitoa jasho. Nikiomba namba irudiwe, wateja walicheka: "Huyu Mngazidja hasikii!" Mara ya kwanza kuitwa hivyo nilijifungia chooni nikalia, kwa furaha. Ilibidi nifukuzwe Ngazidja ndipo niwe wa Ngazidja.

Niliolewa Mutsamudu, nikazeekea kwenye kazi hiyohiyo, nikastaafu. Vijana mkiniuliza mimi ni wa wapi, huwa nasita. Miaka yote ile niliota niko uani kwetu Majunga.

Baada ya kustaafu nilikwenda. Nyumba yetu ilikuwa bado imesimama. Mama kijana aliyeishi humo alinikaribisha kiti, tukaongea kwa raha.

"Mama," akasema, "kwa mgeni kutoka Komoro, Kimalagasi chako ni kizuri sana. Ulijifunzia wapi?"

Nikamwonyesha mlango wa chumba cha nyuma.

"Mle ndani," nikamwambia.