Faili la Bwana Kulpa Haliguswi

Gari la magazeti halisimami. Linapunguza mwendo tu mbele ya kituo cha reli cha Bochnia, mkono unatupa mafurushi mawili kwenye lami yenye umande, na Bi Leokadia Pyrz anatoka kibandani kuyaokota kabla hayajalowa. Anakata kamba kwa wembe. Wachimba chumvi wa zamu ya asubuhi tayari wamepanga foleni, lakini hauzi kwanza. Anageuka, anawapa mgongo, na kuanza kugawa.

Juu ya sabuni na sigara kuna rafu ya mafaili ya kadibodi. Kila faili lina jina la mteja. Magazeti hayatoshi hapa Polandi, na mwenye faili ni mtu aliyeaminiwa: hata akichelewa, lake linamngoja.

"Harakisha, mama, mgodi hautusubiri," anasema mmoja kutoka kwenye foleni.

"Chumvi imekaa chini miaka yote hiyo, itaoza leo?" anajibu Bi Leokadia bila kugeuka.

Ana miaka hamsini na mbili na amekaa kibandani humo tangu afiwe na mume. Kipato chake hakifiki zloti elfu tatu kwa mwezi. Kidirisha chake kiko chini, kwa hiyo kila anayenunua huinama, awe mkubwa au mdogo.

"Watu wanataka kurithishana mafaili," anasema. "Mmoja aliniletea mkwewe, akasema, nikifa faili langu ni la huyu. Nikamwambia, wewe kufa kwanza, halafu tutaona."

Oktoba hii ya 1978 imemchosha kuliko mwezi wowote anaoukumbuka. Ulianza na maziko ya Papa aliyekaa kitini kwa muda mfupi tu. Zikaja habari za migomo ya Irani, na mazungumzo ya Misri na Israeli. Mwishoni, katika ukurasa wa ndani, kilitokea kipande kifupi kuhusu majeshi ya Amini kuvuka mpaka wa Tanzania. Hakuna aliyekiulizia. Kwani katikati ya mwezi kardinali wa Krakovi, mji wa jirani, alichaguliwa kuwa Papa, na tangu asubuhi iliyofuata mji mzima ulitaka gazeti.

Lililotafutwa zaidi ni lile la Kikatoliki la kila wiki, linalochapwa Krakovi. Kibanda hiki hupata nakala sita, na zote sita zina wenyewe. Mmoja wao ni Bwana Dezydery Kulpa, mchimba chumvi mstaafu, ambaye amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu tangu Septemba.

Desturi ya vibanda inajulikana: faili lisilochukuliwa kwa mwezi mzima hupewa mwingine. Mji huu mdogo humwona mtu aliyefutiwa faili kama amekwisha kuzikwa. Ndiyo maana mkewe, Bi Otylia, alijikokota hadi kibandani kwa miguu yake mibovu.

"Usimfute, dada yangu," alisema. "Ananiuliza kila nikienda. Haulizi dawa, anauliza faili."

Bi Leokadia alimpa neno lake.

Wiki ya uchaguzi wa Papa, wakati foleni imeisha, aliinama kidirishani mteja ambaye makala hii haitamtaja jina. Ni mkubwa katika ofisi ya chama tawala cha kikomunisti, ambacho hakipatani na Kanisa. Faili lake lina gazeti la chama tu.

"Lile la Krakovi," alisema kwa sauti ya chini.

"Limekwisha, ndugu."

"Naliona pale. Kwa Kulpa."

"La Kulpa ni la Kulpa."

"Mwezi umepita. Si ndiyo desturi yenu?"

"Desturi ni ya aliyesahau. Huyu amelazwa."

Mtu yule alitazama huku na huku. "Nasikia binti yako anaolewa Novemba. Nyama mmepata?"

Hawakuwa wamepata. Bi Leokadia alikuwa akipanga foleni za bucha tangu Agosti.

"Paja zima la nguruwe, la moshi," akaendelea yule bwana. "Na kahawa. Wewe lile la Kulpa liweke tu katikati ya gazeti langu. Nani ataona?"

"Nilifikiria, nisiseme uongo," anasema Bi Leokadia. "Niliiona meza ya harusi imejaa. Halafu nikamwona Otylia anaulizwa kule wodini, naye hana la kujibu."

Akamwambia yule bwana, "Ukitaka kulisoma, mpelekee Kulpa hospitalini. Herufi ndogo yeye hazioni tena. Msomee, na wewe utakuwa umesoma."

"Mimi? Niingie wodini na gazeti la mapadri?"

"Lifiche ndani ya la kwako. Si ndivyo ulivyotaka nifanye mimi?"

Aliondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi, akayachukua yote mawili.

Wodini, Bwana Kulpa anazungumza kwa vipande, akingoja pumzi. "Anasoma vizuri. Ila akifika kwenye sala anaruka. Namwambia, rudi, ndugu, hapo umeruka. Anarudi."

Amekuja zaidi ya mara moja. Gazeti likiisha, hubaki wakibishana kuhusu bei ya makaa.

Lakini foleni ina macho. Watu walimwona mkubwa yule akipokea gazeti kutoka kwenye faili la mgonjwa, na mpita njia mmoja alikuwa amesikia habari ya paja jana yake; maneno yakaanza.

"Siku hizi paja moja linanunua faili," alisema mwanamke mmoja, akihakikisha anasikika.

Bi Leokadia aliendelea kuhesabu chenji. Kujisafisha kungekuwa kumtaja yule bwana, na kumtaja kungemharibia kazi. Wateja wawili wa miaka mingi wamehamia kibanda cha stendi. Hata binti yake, Wiesława, alimkabili nyumbani.

"Nyama umeikataa, jina baya umelipata. Wageni watakula gazeti, mama?"

"Watakula kuku. Na waje wote, waikague meza wenyewe, watafute hilo paja."

Daktari hajasema Bwana Kulpa atatoka lini. Bi Otylia ameacha kumuuliza.

Bi Leokadia ameshaomba kwa wasambazaji wamwongezee nakala moja ya gazeti la Krakovi. Wamemjibu kwamba kila kibanda kinaomba. Anasema hatachoka kuomba, maana nakala hiyo ikifika ameshajua itakwenda kwa nani.

"Nitampa yule bwana, awe na lake," anasema huku akifuta wino vidoleni. "Ila kwa sharti. La Kulpa aendelee kulipeleka."