Otylia na Kapu la Utulivu

Watu wakiniuliza Otylia Wnęk yuko wapi siku hizi, huwaambia anafundisha fizikia shule ya sekondari kule Tarnów. Wengi hutikisa kichwa na kusema, kumbe alishindwa, walimnyima mkataba wa utafiti. Hapo damu hunichemka. Mkataba aliletewa mpaka mezani, na aliyeuleta ni Profesa Mroczek kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa wiki moja baada ya kikao nitakachokisimulia, na Otylia alimshukuru akaukataa. Nilikuwepo, na kwa kuwa wanaojua sababu ni wachache na wanaopiga domo ni wengi, acha niieleze.

Tulikaa chumba kimoja cha kazi hapo kwenye taasisi yetu ya fizikia, pembeni mwa jiji la Krakow, miaka tisa. Meza yangu ilikuwa dirishani, yake karibu na mlango ili awahi tramu. Alikuwa mwembamba, mkimya mpaka umguse kwenye kazi yake, na kila asubuhi alikula mkate wa duara wenye ufuta na kuacha nusu ya ufuta kwenye kibodi. Baba yake alikuwa ameyeyusha chuma kwenye kiwanda cha Nowa Huta maisha yake yote. Otylia alipenda kusema kwamba naye anaendeleza kazi ya ukoo, ila yeye anayeyusha protoni.

Na kweli ndiyo kazi tunayoifanya. Kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa kuna mashine kubwa chini ya ardhi inayogonganisha viini vya atomi za madini ya risasi. Vikigongana huyeyuka, kwa muda mfupi usio na jina, vikawa supu yenye joto kuliko kitovu cha jua. Pengine katika mgongano huohuo vipande viwili huchomoka kwa nguvu, kila kimoja kikizaa mchirizi wa chembe. Mchirizi uliopitia ukingoni hutoka na nguvu zake. Uliokatiza katikati ya supu hutoka umechoka, nishati yake imemwagika njiani. Hilo halina ubishi tena.

Ubishi ulikuwa kwenye migongano midogo, ya protoni moja na kiini kimoja cha risasi. Je, hapo napo supu hupatikana, japo tone? Profesa Gerwazy Mroczek, mkuu wa kundi letu, alikuwa ameandika tangu nywele zake zikiwa nyeusi kwamba tone lipo na kwamba michirizi itachoka ndani yake. Miaka ikapita, wakapima wa huku na wa huku, hakuna aliyeona michirizi iliyochoka. Kwenye mikutano wakaanza kumwita Profesa Tone, tena mbele yake, naye hucheka kidogo na kuangalia viatu. Mimi vicheko vile vilinikera kuliko alivyokerwa yeye, au ndivyo nilivyodhani.

Kwa Otylia, Profesa alikuwa zaidi ya mkuu. Ndiye aliyemtoa kwenye viti vya nyuma vya darasa la mwaka wa pili, akampa mada, akamtafutia mkataba baada ya mkataba. Baba yake Otylia alipofariki, Profesa alikuwa mmoja wa wanaume sita waliobeba jeneza.

Basi majira ya baridi yale Otylia akaliona tone. Alikuwa amegawanya migongano kwenye makapu mawili, kama tunavyofanya sote: ile iliyorusha chembe nyingi kwenye kifaa cha pembeni kinachozihesabu aliitia kapu la fujo, ile iliyorusha chache akaitia kapu la utulivu. Kwenye fujo ndiko supu inakotarajiwa. Na kweli, kwenye kapu la fujo michirizi yenye nguvu ilikuwa imepungua ukilinganisha na kapu la utulivu, wala si kidogo. Profesa alikuja chumbani kwetu, akakaa kwenye kiti changu bila kuniomba, akautazama ule mchoro muda mrefu. Kisha akamwambia Otylia, "Binti yangu, usimwambie mtu kwanza. Acha nifurahi peke yangu wiki moja."

Mwezi wa nne Profesa akafanyiwa upasuaji wa moyo. Alipopata nafuu kikao kikapangwa Juni, Alhamisi, siku ambayo pia ni ya mtakatifu mwenye jina kama lake, na kwetu siku hiyo mtu huleta keki kazini. Kikao ndiyo desturi yetu kubwa. Hakuna tokeo linalotoka nje mpaka mmoja asimame mbele, na yeyote, hata mwanafunzi, amuulize chochote. Makala ikichapishwa hubeba majina ya watu elfu na zaidi kwa mpangilio wa herufi. Lakini tokeo likija kuanguka, hakuna anayekumbuka wale elfu, hukumbukwa yule aliyesimama.

Jumatatu ya wiki hiyo Otylia aliniita bila kugeuza kichwa.

"Felka, hebu njoo. Niambie kama mimi ni mpumbavu."

"Hilo halihitaji nisimame," nilimjibu.

"Njoo bwana, sitanii."

Nilipomwona uso nikaacha utani. Alikuwa amefungua kapu la utulivu peke yake, bila kuligawanya na lingine.

"Ona hapa. Sisi kila siku tunaonyesha uwiano tu, fujo gawanya kwa utulivu. Leo nimefungua utulivu peke yake. Michirizi mikali imezidi ile inayotarajiwa. Imezidi, Felka. Umewahi kusikia kapu lenye supu kidogo likaongeza michirizi?"

"Labda umekosea hesabu."

"Nilitamani niwe nimekosea. Chukua harusi za kijijini kwa mjomba wangu. Wewe hukualikwa, kwa hiyo unapima ukubwa wa harusi kwa makombo yaliyobaki mezani. Mlaji mkubwa akiingia anafagia sahani, makombo yanakuwa machache, nawe unaandika, hii harusi ilikuwa ndogo. Mwisho unashangaa mbona harusi kubwa hazina walaji wakubwa."

Nikaelewa. Protoni ni moja tu, nishati yake ina kikomo. Ikitoa mchirizi mkali, hubaki na kidogo cha kufanyia fujo pembeni. Kwa hiyo migongano yenye michirizi mikali ilikuwa ikihamia yenyewe kwenye kapu la utulivu. Michirizi haikuchoka wala haikupotea. Tuliitia kapu lisilo lake.

"Na ukichanganya makapu yote?" nikamuuliza.

"Nimechanganya, nikagawanya kwa idadi inayotarajiwa pasipo supu. Moja."

Kwetu sisi moja ni jibu baya kuliko sifuri. Moja maana yake kilichoingia ndicho kilichotoka, hakuna kilichotokea.

"Lazima Profesa ajue kabla ya Alhamisi," alisema Otylia. "Siwezi kumwacha alisikie mbele ya watu."

Mchana uleule tulipanda tramu mpaka mtaa wa Salwator anakokaa Profesa. Mkewe, Bibi Salomea, alitufungulia, akatupatia ndara za wageni, akatuweka jikoni na kutumiminia chai kwenye glasi. Profesa amelala, alisema, daktari ameagiza alale mchana. Kisha akamtazama Otylia.

"Mbona umekonda hivyo? Huli?"

Otylia hakujua kuzunguka. Alimweleza palepale, kwa maneno mepesi, kwamba tone halipo kwenye namba zake.

"Halipo kabisa?"

"Halipo, Bibi Salomea. Nilipanga vibaya."

Yule mama alifunga mlango wa jikoni polepole. "Nisikilize, Otylka. Mimi hiyo supu yenu sijawahi kuielewa, lakini nimelala na mtu anayechekwa miaka ishirini. Tangu hilo jambo lako la majira ya baridi, anaimba bafuni. Daktari kasema asishtuliwe. Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Mpe Alhamisi yake. Mwakani mtasema mlikosea, si ndiyo kazi yenu?"

"Haiwi hivyo, mama."

"Basi nakuomba iwe hivyo. Kitu kimoja tu nakuomba."

Otylia aliomba tena kumwona Profesa, akaambiwa amelala. Jumanne alipiga simu, akapokea Bibi Salomea. Jumatano vilevile. Pale ofisini Profesa hakuja, alikuwa anatunza nguvu. Otylia alilia kwenye tramu, akalia chooni, akarudi mezani macho mekundu na kuendelea kuchora.

"Akifa je?" aliniuliza. "Akianguka palepale mbele yangu?"

Nilimwambia watu hawafi kwa mchoro. Sikuwa na hakika hata kidogo, na nadhani aliisikia shaka kwenye sauti yangu.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Profesa alikaa mstari wa mbele na suti ya kijivu iliyokuwa imempwaya tangu hospitali. Bibi Salomea alikaa nyuma, keki ya tufaha mapajani. Kwenye skrini walikuwepo wenzetu wa nchi nyingine, wengine wanakula. Mimi sikujua Otylia angeonyesha nini. Nilimuuliza asubuhi, akasema hajui.

Alisimama, akaonyesha mchoro wa kwanza, ule wa uwiano. Mstari ulishuka vizuri. Watu wakanong'ona, na Profesa akajipiga goti taratibu kama mtu anayesikiliza muziki. Otylia akaugeukia mchoro.

"Mchoro huu ni wa uongo," alisema. "Na niliyeutengeneza ni mimi."

Akaeleza makapu, akaeleza protoni inavyoishiwa nishati, kisha akaonyesha makapu yote yaliyochanganywa. Mstari ukalala juu ya moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Aliyefungua kinywa kwanza ni Lucjan Pyrek wa kundi la jirani, mtu asiyeweza kuona kidonda asikitie kidole. "Kumbe tone lenyewe limekauka kabla ya chai," alisema, na wengine wakacheka, hata kule kwenye skrini. Nilitamani kumrushia kikombe. Profesa hakushika kifua wala hakuanguka. Aliangalia mikono yake.

Watu walipotoka tulibaki wanne. Bibi Salomea alikuja mbele, keki bado mkononi.

"Nilikuomba kitu kimoja," alimwambia Otylia. "Kimoja."

"Najua, mama. Nisamehe. Nilikuja mara ngapi nimwone? Nilijaribu."

"Salomea, mwache," alisema Profesa. Hakuinuka kitini. "Kapu la utulivu nililifungua mimi. Mwezi wa tatu, kabla ya upasuaji."

Otylia alimgeukia. "Ulilifungua?"

"Nimefanya kazi hii miaka arobaini, ningekosaje kulifungua? Nikaona limezidi. Nikaelewa dakika ileile, nikalifunga." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikajiambia nikuache ulione mwenyewe, ndivyo mwalimu anavyofanya." Akatikisa kichwa. "Hapana, ni uongo huo. Nilikuwa naomba usilione."

Bibi Salomea aliiweka keki kwenye kiti. Nilimtazama Otylia, aliyekuwa amelia wiki nzima akiogopa kumuua mzee huyu, nikaona machozi yamemkauka.

"Wangeligundua tu, Profesa," alisema taratibu. "Mwaka huu au ujao. Wenzetu si vipofu."

"Najua."

"Na siku hiyo wangemtafuta aliyesimama."

"Najua, binti yangu."

"Ambaye ni nani?"

Bibi Salomea alimshika mumewe bega ili anyamaze, lakini Profesa akalijibu swali.

"Wewe," alisema. "Nilikuwa nimekuacha usimame wewe."