Sehemu ya Mwisho Dukani kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoachana na mumewe alikuja kwangu Issuna na cherehani, begi moja, na mtoto mgongoni. Nilimpokea vizuri, na nakiri kwamba nilifurahia kumhurumia. Tangu utotoni yeye ndiye aliyesifiwa. Safari hii watu walinisifu mimi, dada mwenye moyo.

Haikudumu. Baada ya miaka miwili alikuwa amepanga chumba cha duka kando ya barabara, anashona sare za shule na magauni ya harusi, na ukutani ametundika televisheni. Mimi na mume wangu tulikuwa bado tunaomba mvua isikatike alizeti ikiwa changa. Wanangu wakitoka shule walipitiliza kwa mama mdogo. Nikiwauliza, wanasema kwake kuna raha.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, wanawake tulijazana pale kutazama marudio ya tamthilia moja ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilimhusu mwanamke aliyefukuzwa na mume, akaanza kuoka mikate hadi akafungua duka lake. Kila alipobembelezwa arudi, alijibu kwamba heshima yake haiuzwi. Hapo mdogo wangu aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kama habari yake mwenyewe, na hilo ndilo lililoniuma: hata televisheni ilikuwa upande wake.

Sehemu ya mwisho, mume akaja na maua. Hakuomba hata radhi. Mwanamke akalia, akafunga duka, akarudi kwake. Harusi, muziki, basi.

Wanawake wakaguna. Mdogo wangu akasema, "Wametudanganya! Miezi yote hiyo wanatuonyesha mwanamke mwenye msimamo, halafu siku moja tu wanamgeuza mtu mwingine?"

Nilijua anasema kweli. Lakini nikajisikia nikisema, "Hawajakosea. Mwanamke hata ashone vipi, mwisho wake ni kwa mumewe."

Yule wa kwenye tamthilia alikuwa mwoka mikate, si mshonaji.

"Dada," akasema taratibu, kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, "unamsema yule, au unanisema mimi?"

Nikachukua kanga yangu nikaondoka.

Wakati wa mavuno, shemeji, yule mume aliyeachana na mdogo wangu, akatokea kwangu, kofia mkononi, akiuliza mkewe anakaa wapi. Ningeweza kumwambia asubiri, nimwulize kwanza mwenyewe. Nikampeleka hadi mlangoni pa duka, moyo ukinidunda kwa hamu ya kuliona linafungwa.

Mdogo wangu alimpa kiti, akamwita mtoto aje amwamkie.

"Shikamoo, baba."

Mdogo wangu akamsikiliza mwanamume mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Mtoto ni wako, njoo umwone wakati wowote. Mimi nimeshatoka." Akarudi kwenye gauni alilokuwa akilishona pindo. Shemeji aliondoka bila kuniaga.

Nilibaki nimesimama pale. Nikamwambia, "Ile tamthilia waliiharibu mwishoni. Nilijua siku ileile."

"Na mimi nilijua kwamba unajua," akajibu bila kuinua uso. Kwa mguu akanisogezea kiti alichokuwa amekalia shemeji.

Nilikaa. Siwezi kusema wivu uliniisha. Nikitazama mikono yake ikinyoosha kitambaa kile, ulikuwa ungali unanichoma, ila siku hiyo sikutamani tena ashindwe.