Tulipompungia Mkono Rubani

Huku kwetu juu ya mji wa Elburgon, helikopta ilikuwa na maana moja tu: mheshimiwa amekuja kuomba kura. Ikisikika, watu huacha majembe shambani na sufuria motoni wakakimbia, maana anayefika kwanza ndiye hupata kofia, fulana au pakiti ya unga. Nimewahi kuifukuzia nikiwa na mtoto mgongoni, na siongezi chumvi.

Msitu uliposhika moto kiangazi kile, hatukuwa na habari ya helikopta. Tulikuwa na matawi mabichi, majembe na panga. Tangu alfajiri tulijipanga kwenye kijia kinachotenga msitu na mashamba, kila mtu na kipande chake, tukikwangua nyasi na kupiga kila cheche iliyovuka. Nyuma ya kipande changu ilikuwa nyumba ya mama yangu, nyumba ya mbao aliyoijenga baada ya kufiwa na baba, kwa kuchuma pareto hadi mgongo ukapinda. Alikataa kuondoka. Alikuwa upande wa nyuma akimwagia kuta maji kwa sufuria, na mimi nilikuwa nimemwahidi kwamba moto hautavuka kwangu.

Mchana upepo uligeuka. Wakati huohuo tukasikia mngurumo.

"Ndege! Ndege imeshuka kwa dam!" mtu akapiga kelele kutoka upande wa bwawa.

Akili zikaruka. Tuliangusha matawi tukateremka mbio, watu wazima kabisa. Nilijiambia huo ni msaada, nitarudi sasa hivi. Uongo mtupu. Nilikimbia kwa sababu wengine walikimbia.

Helikopta ilikuwa imesimama hewani juu ya bwawa, ndoo kubwa ya turubai ikining'inia chini yake. Tukajaa ukingoni, wengine wakaingia majini hadi magotini, simu juu. Rubani alitoa mkono dirishani akatupungia tuondoke. Sisi tukampungia pia. Akapunga tena kwa hasira, tukamshangilia. Mimi nilikuwa napiga video, nacheka.

Askari wa msitu alikuja mbio, sauti imemkauka. "Tokeni kwa maji, nyinyi watu! Atashukisha aje ndoo juu ya vichwa zenu?"

Tulipoelewa, helikopta ilikuwa imeshainuka ikielekea upande wa Mau Narok, kutafuta bwawa lisilo na wajinga.

Niligeuka nikaona moshi mweusi pale kwetu. Nilipanda kile kilima nikilia, nikimwita mama kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilimkuta ameketi kwenye shamba la viazi, hai, sufuria mapajani, akitazama paa likiangukia ndani. Niliingia kulitafuta sanduku lake la nguo, nikatoka bila sanduku, mkono umeungua hadi kiwiko. Helikopta ilirudi na maji yake baadaye, ikayamwaga juu ya majivu.

Siku hizi mama anaishi kwangu. Kwa moshi wa siku ile hakuona tulipoondoka, na hakuna jirani aliyemwambia, kwa kuwa sote tulikuwa bwawani. Anamlaumu rubani. Eti alichelewa, eti alikuwa anazurura angani huku watu wanaungua. Mimi nimejitia hamnazo. Kila nikinyamaza najichukia, na kesho yake nanyamaza tena.

Juzi akina mama wa kanisa walikuja kumjulia hali. Mmoja wao, tena bila ubaya wowote, akaniuliza, "Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alimkata. "Huyu? Huyu hakubanduka hapo kwa moto mpaka nyumba ikaisha. Hebu muone mkono."

Akaukamata mkono wangu, akapandisha sweta hadi kwenye kiwiko ili wote waone lile kovu. Wale wanawake wakamsifu Mungu kwa kumpa mtoto kama mimi. Mama hakuniachilia. Nilikaa pale, mkono wangu ukiwa mikononi mwake, nikasema asante.