Herufi za Harusi kwenye Shuka la Kisomo

Nikiri mapema: siku yangu ya kwanza kazini nilipanga ukurasa wa kisomo cha watu wazima kwa herufi za kadi za harusi. Zina mikia na mapindo, niliona zinapendeza.

Ilikuwa likizo ya shule. Kiwanda chetu cha uchapaji hapa Tabora kilikuwa na mashine moja na bosi mmoja, Fundi Mkuu, aliyenuka wino hata siku ya Idi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akinisukumia kasha la herufi za risasi. Ukurasa ule ungechapwa kwenye karatasi ya kitabu, kisha kwenye nailoni angavu ambayo jioni ingewekwa juu ya mashine ya taa pale Cheyo, maneno yatokee kwenye shuka kubwa lililotundikwa mbele ya watu.

Fundi Mkuu aliporudi kutoka kupeleka mabango Goweko, gari la elimu lilishaichukua nailoni. Akaitazama nakala ya karatasi.

"Huyu mtu anasoma au anaolewa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kitabuni msomaji anasogeza jicho, anatia kidole chini ya neno. Kwenye shuka kidole atakiweka wapi? Kule herufi ziwe nene, mistari iachane! Nani anasoma leo?"

"Mama yangu."

Kicheko kikanikauka. Mama akisoma mbele ya watu, ushirika ungempa ukarani wa duka. Akikwama, basi.

Tulikimbia hadi Cheyo. Tulimkuta ameshasimama, na mikia ya herufi zangu imeshikana kwenye shuka kama nywele zisizochanwa. Akasogea, akatia kidole chini ya neno kama alivyozoea. Kivuli chake kikameza ukurasa mzima.

"Mama Saidi, tusome mgongo wako?" mtu akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko. Ndugu Afisa Elimu akatazama saa. Mama akarudi nyuma, kidole kikiwa hakina pa kutua.

Nikaisogelea mashine ya taa, nikachomoa njiti ya kiberiti, nikailaza juu ya nailoni, chini ya neno la kwanza. Kule shukani kikatokea kivuli chembamba, kama kidole.

"Tum-ba-ku," mama akasoma. "Ya... ki-ji-ji..."

Nikaisogeza njiti neno kwa neno, taa ikiniunguza vidole, hadi mstari wa mwisho. Afisa akapiga makofi kwanza. Ukarani ukawa wa mama.

Shule zilipofunguliwa nilistaafu. Siku hizi nikishika kitabu chochote, kabla ya kusoma natazama nafasi iliyoachwa kati ya mistari.

Usiku ule, tukirudi nyumbani, nilikuwa nasubiri shukrani. Mama alisema:

"Ulikuwa unaikimbiza ile njiti. Msomaji ni mimi, Saidi. Siku nyingine uningoje."